Usiku wa mashairi mtaani: maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Ukikaribia usiku wa kuwakutanisha malenga wa mtaa, simu hazikatiki. Huyu anataka kughani, yule anataka kuleta wanafunzi wake, mwingine anataka kujua kama kuna kiingilio. Majibu haya tumeyaandika tukiwafikiria watu wa Mombasa, ila mtu wa Tanga, Lamu au Unguja hatayaona mageni. Na aliye Nakuru au Maskati akitaka kukusanya wenzake sebuleni, achukue yanayomfaa.

Ni shughuli ya namna gani hasa?

Ni baraza, tena baraza ya kawaida iliyoongezwa mikeka. Watu hukaa chini au kwenye viti vya kukodi, kahawa chungu inazunguka na kashata au tende, na malenga mmoja mmoja huitwa mbele. Akifika hutoa salamu, humtaja aliyemfundisha kama yupo, kisha huanza kughani. Ubeti wa kwanza watu husikiliza. Ubeti wa pili wameshakishika kibwagizo, nao humpokea. Akitia neno likapendeza, utasikia "Rudia!" kutoka nyuma, naye hurudia ubeti mzima, si neno lile peke yake.

Kati ya malenga na malenga huwa kuna mazungumzo mafupi. Mzee mmoja ataeleza tungo fulani ilitungwa kwa sababu gani, kijana atauliza neno asilolielewa. Sehemu hii haimo kwenye ratiba, lakini ukiiondoa utabaki na foleni ya watu wanaosoma karatasi.

Hufanyika lini?

Wengi siku hizi huufunga usiku huu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Lamu, mashindano ya mashairi yamekuwa sehemu ya tamasha la utamaduni la kisiwa, pamoja na mbio za punda na za mashua. Misimu ya Maulidi nayo ina kasida zake, ila hiyo ni ibada, ina wenyewe na adabu zake, tusiichanganye na haya yetu.

Kwa baraza ya mtaa, siku bora ni ile ambayo hakuna harusi karibu. Ukishindana na harusi utashindwa.

Je, ni mashindano? Kuna mshindi?

Kwa maoni yetu, isiwe mashindano. Tunajua si wote wanaokubali, na wafadhili hupenda sana picha ya mtu anayekabidhiwa kikombe. Lakini tazama kinachotokea ukishaweka majaji watatu mezani. Malenga huanza kuwaghania majaji badala ya watu. Anachagua bahari (aina ya shairi) iliyo rahisi asikosee. Aliyekuja na fumbo zito hulikunja na kulirudisha mfukoni. Na aliyeshindwa, mwakani haji.

Ushairi wa Kiswahili una namna yake ya kushindanisha watu, nayo ni ya kale kuliko vikombe: majibizano. Mtu anatupa ubeti, mwenzake anaudaka kwa ubeti. Hadhira yenyewe inajua nani kamzidi nani, bila kalamu wala alama. Tuzo za maandishi zina kazi yake, na zipo: Tanzania inayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kuna ile iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa jina la Mabati Cornell. Huko peleka mswada. Hapa njoo na sauti.

Kughani ni lazima? Mimi sina sauti.

Si lazima, lakini jaribu. Kughani si kuimba kama mwimbaji wa taarabu, na hakuna anayekutarajia uwe na koo la kasuku. Ni kuupa mshororo mahadhi yanayofuata mizani, ukavuta pale panapovutwa na ukatua kwenye kina. Shairi lenye mizani sawa karibu linajighani lenyewe. Lenye mizani pungufu hukwama mdomoni, na hapo ndipo mtunzi hujua wapi arekebishe.

Kama kweli huwezi, mpe mwenzako akughanie. Si aibu. Toka zamani mtunzi na mghani wamekuwa watu wawili tofauti, na wako malenga wakubwa ambao tungo zao tumezijua kwa sauti za watu wengine. Ila keti naye kabla ya siku yenyewe. Mghani asiyeujua ubeti wako atakuvunjia kina mbele ya mama mkwe wako.

Mizani inahesabiwaje? Nimeambiwa shairi langu lina "guni".

Guni ni shairi lililopungukiwa au kuzidishwa: mizani haitoshi, au vina vimekataa. Kanuni za kuhesabu si ngumu. Kila silabi inayotamkwa ni mizani moja. "Mbuzi" ni mbili, mbu-zi. "Mtu" ni mbili pia, kwa kuwa ile *m* inasimama peke yake. "Mgongoni" ni nne. Wengi wanaoanza hukosea hapo, kwenye *m* na *n* zinazosimama na zile zinazobebwa. Hesabu kwa vidole huku unatamka, usihesabu kwa macho.

Shairi la kawaida lina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande wa ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane upande wa utao, kipande cha pili, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Utendi ni mwepesi zaidi: vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachorudi utendi mzima. Wepesi huo ndio ulioufanya utendi ubebe hadithi ndefu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kutoka Pate, una beti zaidi ya elfu moja.

Kwa anayetaka kujifunza kwa utaratibu, Sheikh Amri Abedi alizipanga sheria za utunzi katika kitabu alichokitoa mwaka 1954, kabla hajawa meya wa Dar es Salaam. Watu bado wanabishana nacho, jambo ambalo ni sifa kwa kitabu.

Huu hapa ubeti tuliotunga kwa ajili ya ukurasa huu, uhesabu mwenyewe:

*Ninaye mbuzi nyumbani, majani kwake haramu,*
*Hukaliwa mgongoni, bibi akishika zamu,*
*Meno yamo mdomoni, atafunacho kitamu,*
*Kumeza kwake ni sumu, mbuzi gani nambieni?*

Kina cha kati ni *-ni*, cha mwisho ni *-mu*, halafu kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, vimebadilishana nafasi. Huo ni mtindo unaopendwa sana, kwa sababu sikio linashtuka kidogo na kujua ubeti umefungwa.

Na huyo mbuzi ni yupi?

Hapo ndipo usiku unapoanza! Ukitupiwa fumbo, adabu ni kulijibu kwa vina vilevile ulivyopewa, usihame. Tena usilifumbue kwa neno moja kama mtihani wa shule, lizungushe kidogo, na ukiweza ongeza chako:

*Mbuzi wako wa jikoni, namjua maalimu,*
*Hakuzaliwa zizini, si wa nyama si wa damu,*
*Hula nazi kifuuni, tui tukakama tamu,*
*Hilo fumbo sio gumu, ni kibao nitunzeni.*

Ni kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Tazama jibu lilivyompita muulizaji: yeye alisema habari ya kula tu, mjibuji akaleta kukama, kana kwamba mbuzi yule ana maziwa. Na neno la mwisho ni ombi la wazi, atunzwe. Hadhira ikicheka hapo, basi ameshashinda, hana haja ya jaji.

Anayeona jibu lina kasoro naye anaruhusiwa kusimama. Tumeona fumbo moja likizungushwa usiku kucha mpaka mtunzi wake akaomba msamaha.

Majibizano hayaleti ugomvi?

Huleta, yakikosa msimamizi. Lakini historia inatuonyesha kuwa watu walipojibizana kwa beti, hata uhasama ulipata mahali pa kupitia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alikuwa akirushiana tungo na watu wa Lamu zama za vita vya Shela kati ya Mombasa na Lamu. Ndiyo hizo zilizofanya jina lake likae: aliutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake akauweka sokoni, bandarini, kwenye mapenzi, deni na kejeli za siasa. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa uchaguzi wa ubunge Lamu, tungo za kampeni zilirekodiwa kwenye kaseti, upande huu ukatoa na upande ule ukajibu, watu wakazisikiliza majumbani. Mfululizo ule unajulikana mpaka leo kwa jina la Kimwondo.

Sisi tuna masharti matatu. Usimtaje mtu kwa jina kwa ubaya. Usiingie nyumbani kwake, yaani mke, mume, watoto na maradhi yake. Na ukishajibiwa, mpe mkono. Anayetaka kumsema jirani aliyehamisha mpaka wa kiwanja, amsemee kwa fumbo, jirani atajijua.

Shairi langu halina vina wala mizani. Nitafukuzwa?

Hapana. Ugomvi wa mashairi huru ni mkongwe sasa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, kuna waliosema yale si mashairi kamwe, na kuna waliosema afadhali mtu ametufungulia dirisha. Tangu hapo pande mbili zimeandika mengi, mengine kwa hasira. Leo wanafunzi husoma aina zote mbili, na dunia haijaanguka.

Mbele ya hadhira ya baraza, hata hivyo, shairi huru lina kazi ya ziada. Anayeghani tarbia, shairi la mishororo minne, anasaidiwa na kina, watu wanajua wapi mshororo unakwisha na wapi waitikie. Wewe huna msaada huo, kwa hiyo uwe na kitu kingine: picha kali, marudio, kimya kinachowekwa mahali pake. Tulichokataa ni mtu kusoma kurasa nne kwa sauti ya taarifa ya habari, kisha akilaumu watu wa pwani kwa kutopenda usasa. Dakika tano, macho juu, na uwe unalijua shairi lako kwa moyo.

Natoka bara. Kiswahili changu si Kimvita cha Mombasa wala Kiamu cha Lamu. Nitachekwa?

Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, akafa mwaka 1969 akiwa ameipa lugha hii ngonjera, mashairi ya kubishana. Kezilahabi tuliyemtaja hapo juu alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Kithaka wa Mberia, mshairi wa Kenya, anatoka Tharaka. Kwa hiyo swali hili lilishajibiwa na watu wenye kazi nzito kuliko maneno yetu.

Ushauri mmoja tu: usiigize lahaja usiyoizungumza. Kila mwaka yupo anayejaza tungo yake *mato* (macho) na *ndoo* (njoo), akidhani ndiyo ushairi, na wazee wa Lamu hutazamana. Tunga kwa Kiswahili unachoulizia bei ya nyanya.

Wanawake wanashiriki vipi?

Wanatunga, wanaghani, wanajibu. Mara nyingine wao ndio wenye tungo nzuri kuliko zote za usiku ule. Utendi mmoja unaosomwa sana Afrika Mashariki uliandikwa na mwanamke, Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Kuna wanaoupenda na kuna wanaoona mawaidha yake kwa mke ni mazito mno kwa zama hizi. Leteni mjadala huo pia. Tunamkaribisha kwa mikono miwili mtu atakayemjibu Mwana Kupona kwa utendi, beti ishirini au thelathini, kwa adabu ya mtoto kwa mama.

Kwa utaratibu: wapo dada wasiopenda kusimama mbele ya watu mchanganyiko, nao tungo zao hughanwa na mwingine kwa idhini yao, kwa jina lao au kwa lakabu. Wapo wanaosimama wenyewe. Hakuna wa kumlazimisha yeyote kati ya hao. Mkeka wa wanawake tunauweka mbele upande mmoja, si nyuma ya kila mtu penye mbu na jenereta.

Siasa zinaruhusiwa?

Ushairi usio na siasa kabisa ni mgumu kuupata. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka aliouita "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais wa serikali ileile iliyomfunga. Hatuwezi kumsifu Abdilatif mchana halafu usiku tukamnyamazisha kijana anayeghani habari ya bandari na kazi.

Tunachokataa ni kampeni. Shairi la kumsifu mgombea, lililolipiwa na mgombea, mgombea akiwa amekaa mstari wa mbele, hilo lina majukwaa yake mengine mengi.

Watoto waje?

Waje, mapema, kabla hawajaanza kusinzia. Ngonjera ndiyo inayowafaa kwa sababu ina pande mbili au zaidi zinazobishana, na watoto wanapenda kubishana. Mnyampala aliikuza kwa kazi ya kufundisha siasa ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha, lakini umbo lake linabeba lolote: simu na kitabu, mjini na shamba, ndugu wawili wanaogombea rimoti.

Walimu, tafadhali. Ngonjera kuhusu usafi wa mazingira, iliyokaririwa bila kueleweka, na kila mtoto akinyoosha mkono uleule kwenye neno lilelile, tumeshaziona nyingi. Waacheni watunge ubeti mmoja wao wenyewe. Hata ukiwa guni.

Washairi wanalipwa?

Hapa tuna neno, na tunaomba wenye kuandaa shughuli watusikilize. Utakuta bajeti ina fungu la mahema, la viti, la vipaza sauti, la fulana zenye nembo, la maji ya chupa ya mgeni rasmi. Malenga, ambaye ndiye shughuli yenyewe, ameandikiwa "cheti cha shukrani".

Malenga wetu wengi ni watu wa jasho. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi na mtu wa kazi za mikono. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, ambaye tungo zake zimekusanywa katika kitabu kikubwa kilichochapishwa Ulaya mwaka 2023, amekula kwa kuoka mikate. Mtu wa namna hii akija kwako usiku mmoja, kuna kazi ameiacha.

Basi kiwango chetu cha chini ni hiki: nauli ya kwenda na kurudi ilipwe kabla, siyo "tutakurudishia"; chakula cha maana; na bahasha, hata ikiwa ndogo, ikabidhiwe mkononi kabla watu hawajatawanyika. Anayetoka mbali apate mahali pa kulala, pasiwe kwenye kochi la mtu asiyemjua. Juu ya hapo kuna kutunzwa na hadhira, nayo ni haki yake. Noti zinazowekwa mbele yake ni zake zote. Tumesikia pahala kamati ilizikusanya ikagawana. Hilo si jambo la kulijadili.

Naweza kurekodi na kuweka mtandaoni?

Muulize malenga kwanza, kila mmoja kwa nafsi yake. Wako wanaofurahi, na wako wenye tungo ambazo hawajazichapisha na hawataki zisambae zikakatwa kichwa na miguu. Akikubali, weka jina lake kamili kama anavyolitaka liandikwe, jina la shairi, mahali na tarehe. Klipu ya sekunde thelathini isiyo na jina la mtunzi ni wizi wenye muziki.

Lakini kurekodi kwenyewe tunakuunga mkono, na tunatamani kungefanywa kwa mpango zaidi. Tungo za Muyaka tunazo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizihifadhi na kuzifafanua, mmisionari William Taylor akaziandika, na miaka mia moja baada ya Muyaka kufa zikatoka kitabuni, mwaka 1940. Karatasi zenyewe ziko London. Hebu fikiria ni malenga wangapi wa wakati ule hawakuwa na Sikujua wao. Leo kila mfuko una simu inayorekodi, na bado mzee anafariki na hakuna aliyebaki na beti zake ila tatu nne zilizoshikwa na wajukuu.

Tunachofanya sisi: baada ya kurekodi, mtu mmoja hukaa na malenga siku nyingine, wakaandika shairi zima pamoja, na maneno magumu yakapewa maelezo yake mwenyewe. Nakala moja inabaki kwake. Kazi hii inachosha na haina makofi, tafuta kijana mwenye subira.

Waliotangulia tunawakumbuka vipi?

Kwa kuwaghani. Sio kwa kusoma wasifu wao. Kila mwaka mtu husimama akatusomea kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, dakika kumi nzima, na asighani hata ubeti wake mmoja. Wasifu tunao.

Chagua mtu mmoja kwa usiku mmoja. Akiwa Ahmad Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu, kwa mfano, aliyefariki mwaka 2017, chukua tungo yake Umbuji wa Mnazi, mgawie kila mghani sehemu, na mlete mnazi wenyewe mbele ya watu: kumbi, kifuu, ukuti, ufagio, upawa. Mtoto wa mjini atajifunza majina ambayo shuleni hakuyasikia. Baada ya hapo waachie watu nafasi ya kumjibu marehemu kwa beti zao.

Na msisubiri mtu afe. Malenga wa mtaa wenu yuko hai, ana miaka sabini na kitu, anakaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mwiteni.

Muziki uwepo?

Udi au ganuni kwa nyuma, sawa, kama mpigaji anajua kunyamaza. Spika kubwa za harusi, hapana.

Nataka kuandaa wa mtaani kwetu. Nianzie wapi?

Anza na watu, usianze na ukumbi. Zunguka uulize nani anatunga. Utashangaa: fundi cherehani, mwalimu wa madrasa, mama wa mahamri, kondakta mstaafu aliyekuwa akipeleka mashairi gazetini. Kurasa za mashairi magazetini zimelea watunzi wengi kuliko vyuo, tangu Mambo Leo ya Tanganyika iliyoanza mwaka 1923 hadi Taifa Leo ya Kenya. Ukipata watu sita, wanatosha. Kumi na wawili ni wengi tayari.

Kisha mahali: penye ukuta mmoja wa kurudisha sauti, pasipo na barabara ya matatu. Mjulishe chifu au mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi mapema, kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Waambie majirani, na waalike. Kipaza sauti kimoja kizuri kinashinda vinne vibovu. Taa imwangaze anayeghani, isimpige machoni.

Tafuta msema-chochote mwenye kujua mashairi, siyo mwenye kujua utani tu. Yeye ndiye atakayejua fumbo lipi liachwe lizunguke na ubishi upi ukatwe. Mpe mamlaka ya kumtoa mtu mbele.

Mgeni rasmi, kama hamna budi, apewe dakika tatu, tena katikati ya ratiba wakati watu wameshapata ladha. Mkimweka mwanzo atakula saa nzima, mkimweka mwisho watu watakuwa wameondoka na yeye atawalaumu nyinyi. Mbinu iliyotusaidia ni kumwomba aje na ubeti mmoja aliotunga mwenyewe. Baadhi yao, tuseme haki, wameleta beti nzuri. Wengine wametuma msaidizi.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Kuna kapu mlangoni, na linajulikana ni la nini.

Sijawahi kutunga chochote. Nikija nitafanya nini?

Utaitikia kibwagizo, utakunywa kahawa, na utacheka mahali ambapo wenzako wamecheka hata kama hujaelewa, kisha utamuuliza jirani yako. Baraza isiyo na wasikilizaji wazuri haina malenga wazuri. Kama una kipaji cha kusema "Rudia!" kwa wakati wake, tutakuketisha mbele.

Mnamaliza saa ngapi?

Kwenye tangazo tunaandika saa nne na nusu usiku, kwa sababu ya kibali. Saa hiyo kipaza sauti kinazimwa kweli, na vya kukodi vinarudishwa. Wenye fumbo ambalo halijafumbuliwa huhamia kwenye ngazi za nyumba ya jirani, na hao hatujui wanamaliza saa ngapi. Ukitaka kubaki nao, njoo na thamosi yako, mwenye kahawa hufunga saa tano.